Fizio ya Video Ni Tiba, na Wewe Uliyeshika Simu Uko Ndani Yake

Wasee, kuna kazi moja ambayo familia nyingi zinapatia vijana sai bila hata kuwauliza. Mtu wa nyumbani anafanyiwa operesheni ya goti au nyonga, anatolewa hospitali, halafu anaambiwa fizio yake itaendelea kwa video. Kila mtu kwa nyumba anageuka na kukuangalia wewe. Kwa nini wewe? Kwa sababu wewe ndiye unajua simu.

Msimamo wangu nausema mapema, ndio mwenye kutaka kubishana ajue pa kuanzia. Fizio ya video ni tiba ya kweli, si tiba ya kukatisha kona. Lakini inafanya kazi vizuri pale hospitali inapokubali kwamba yule aliyeshika simu ni sehemu ya matibabu, na inachukua hata dakika kumi kumfundisha. Ninavyoona mtaani, hizo dakika kumi hazipatikani. Unaachiwa mgonjwa, karatasi na namba ya simu.

Na kabla hujasema hii ni stori ya wazee, hesabu watu unaowajua. Kuna yule msee wa timu ya mtaa aliyekatika kano ya ndani ya goti akigeuka na mpira. Kuna yule aliyeanguka na nduthi. Kuna vijana wenye selimundu, ule ugonjwa watu huita siko seli, ambao damu inakosa kufika vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa unakufa polepole, na wengine wanajipata wakihitaji nyonga bandia wakiwa bado wadogo. Leo unashika simu. Kesho inaweza kuwa wewe uko kwenye godoro ukihesabu moja mpaka kumi huku umeuma meno.

Operesheni ni mwanzo tu

Daktari wa mifupa anafanya yake kwa saa moja au mbili. Anaondoa sehemu zilizosagika, anaweka chuma na plastiki maalum, anashona. Hapo goti ni jipya, lakini misuli ni ile ile ya zamani, na sai imeumizwa na inaogopa kufanya kazi.

Mwili ukipona unatengeneza kovu, hata kule ndani usikoona. Goti lisipokunjwa na kunyooshwa wiki za kwanza, hilo kovu linashika kila kitu kama gundi. Kuna wagonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, wanalazwa usingizi tena, ndio daktari alikunje goti kwa nguvu. Hakuna mtu anataka kufika hapo.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu. Kuchezesha kifundo cha mguu juu na chini. Kukaza msuli wa paja na kushikilia. Kuvuta kisigino kwenye shuka kije karibu na makalio. Kuinua mguu ukiwa umenyooka. Kukaa kwenye kiti na kuinuka. Ukiyasoma kwa karatasi unaona kama mchezo. Ukiyafanya na goti lililoshonwa juzi, mara kadhaa kwa siku, kila siku, unaelewa kwa nini watu wazima hulia. Ndiyo maana mgonjwa anahitaji mtu wa kumwona, wa kumrekebisha na wa kumwambia "bado mbili".

Sasa weka hiyo kazi kwa ramani ya Nairobi. Mgonjwa ako na mikongojo. Anatoka Kayole au Githurai. Matatu ina ngazi ya juu, makanga anapiga bodi akisema "songa ndani", na kiti kimebana hata mtu mwenye magoti mazima. Ukikwepa matatu, unalipa teksi kwenda na kurudi. Ukiambiwa mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, hizo ni safari 24 za kwenda na 24 za kurudi. Na hapo bado hatujafika kwa mtu wa Kinangop au Mwingi. Kinachotokea tunakijua. Anaenda mara ya kwanza, anaenda mara ya pili, halafu anasema "nimeskia nafuu", na goti linabaki limekunjika nusu.

Kwa hivyo mtu akiniambia fizio ya video ni ya kupunguzia hospitali kazi, namuuliza: unalinganisha na nini? Usilinganishe na ile fizio nzuri ya kliniki ambayo mgonjwa angeenda kila mara. Linganisha na ile ambayo aliacha kwenda.

Wagonjwa wenyewe walisema nini

Si mimi nimeanza kusema hii kitu inafanya kazi. Mwaka 2015, watafiti wa Quebec, Kanada, walichapisha matokeo ya wagonjwa 205 waliobadilishwa goti. Kikundi kimoja kilitembelewa nyumbani na mtaalamu wa fizio, kingine kilifanya kwa video. Kikundi cha video hakikubaki nyuma. Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa Marekani wa wagonjwa 306. Hao walifuata mwalimu wa katuni kwenye skrini huku mtaalamu halisi akiwafuatilia kutoka mbali. Nao hawakubaki nyuma, na gharama yao ya wiki 12 za kwanza baada ya kutoka hospitali ilikuwa chini.

Lakini ule ninaoupenda ni mdogo sana. Ni wa 2013, pia Quebec. Watafiti walikaa na wagonjwa watano tu waliofanyiwa fizio ya video nyumbani baada ya kubadilishwa goti, wakawauliza ilikuwaje. Wagonjwa walifurahia kutohangaika na usafiri. Walisema walijenga uhusiano wa karibu na mtaalamu wao hata kama alikuwa kwenye skrini, na bado nyumba yao ikabaki yao. Waliona kuna mtu anawafuatilia, hawajaachwa. Na walisema pia kwamba kukutana ana kwa ana mara moja moja kunasaidia, yaani video na mikono zikienda pamoja.

Watu watano si wengi. Lakini hayo waliyosema ndiyo nimesikia kwa watu wa huku kwetu, karibu neno kwa neno, pamoja na mambo mengine ambayo mtu wa Quebec hangeweza kuyaota.

Na hapa ndipo wasee huniletea ubishi: "Hiyo ni Kanada, bro." Ni kweli. Kwenye ule utafiti mkubwa wa Quebec, fundi alienda nyumbani kwa mgonjwa kuweka mitambo. Kamera ilikuwa ya kuzungushwa na kuvutwa karibu na mtaalamu mwenyewe akiwa mbali. Akitaka kuona goti upande, anaigeuza. Huku kwetu fundi haji. Ile kamera ya kuzunguka ni mkono wako. Sasa niambie, kuna mtambo gani hospitali ingeutumia kutibu mgonjwa bila kuangalia kama unafanya kazi?

Shosho, kaptura na mto

Shosho wangu alibadilishwa goti la kulia mwaka jana kwa hospitali ambayo sitaitaja. Alikaa kwa anti yangu Kahawa West kwa sababu nyumba iko chini, haina ngazi. Tulipewa karatasi yenye michoro ya mtu asiye na uso akifanya mazoezi, na namba. Nani ashike simu, asimame wapi, aangalie nini, hakuna aliyesema.

Kipindi cha kwanza, madam wa fizio aliona dari. Kisha akaona paji la uso la shosho. Kisha akaona pazia. Shosho akauliza kwa sauti, kama vile madam hayuko, "Huyu anaangalia goti ama anaangalia uso? Mwambieni ugonjwa hauko kwa uso."

Halafu tukafika kwa jambo ambalo hakuna karatasi ililiandika. Goti liko chini ya rinda. Ili mtaalamu aone msuli wa paja ukikaza, lazima paja lionekane. Shosho akakataa kabisa kupandisha rinda mbele ya mjukuu wake wa kiume, na alikuwa na haki zote. Madam anasema "pandisha kidogo", shosho anajifanya hasikii. Ni anti aliyeokoa hiyo siku. Alimvalisha kaptura ndefu ya mpira ya binamu yangu, juu akamfunga leso. Wakati wa zoezi leso inasogezwa, likiisha inarudi. Mguu ukaonekana, heshima ikabaki. Kuanzia hapo anti akawa anakaa karibu na shosho, mimi nikawa wa kamera tu.

Kipindi cha pili madam akasema, "Cucu, hebu nionyeshwe pale unapolala." Nikageuza simu kwa kitanda. Pale kati kulikuwa na mto mnene ambao shosho alikuwa analalisha goti juu yake kila usiku, kwa sababu goti likikunjwa kidogo linauma kidogo. Madam akasema huo mto utoke siku hiyo hiyo. Goti likilala limekunjwa wiki nzima linazoea, halafu kunyooka kabisa kunakuwa vita. Baada ya mto akataka kuona kiti. Sofa ya anti ni ile ya chini unayozama ndani, ukiinuka unavutwa na watu wawili. Akasema hapana, tumpe kiti cha meza ya chakula, chenye mikono, kigusane na ukuta. Kisha akaona kale kazulia ka mlangoni. Kakatoka.

Fikiria hiyo. Kwa kliniki, mtaalamu angemwona shosho akitembea kwenye sakafu pana isiyo na kitu. Hangeona mto, hangeona sofa, hangeona kazulia. Video ilimwona akiishi. Hii faida sisikii watu wakiisema. Wanasema tu video inaokoa nauli.

Aliyeongea ni binti

Stori iliyonifanya nishike huu msimamo si ya shosho. Ni ya mama mmoja wa ploti jirani aliyebadilishwa nyonga.

Nyonga ina masharti yake. Kulingana na jinsi operesheni ilivyofanywa, wagonjwa wengi huambiwa wiki za kwanza wasikunje nyonga kupita digrii 90, wasivuke mguu mmoja juu ya mwingine, wasikae chini sana. Sababu ni kwamba kile kichwa cha nyonga bandia kinaweza kutoka mahali pake. Huyo mama aliambiwa yote, akaitikia yote. Kwa video alikuwa mwanafunzi namba moja. Kila zoezi analifanya, kila swali anajibu "sawa daktari", akiulizwa kama kuna shida anasema hakuna.

Shida ilikuwa choo. Ploti yao wanashiriki choo cha kuchuchumaa, kiko nje, mwisho wa korido. Kuchuchumaa ndicho kitu chenyewe alichokatazwa. Na mama wa miaka hiyo hawezi kumwambia kijana wa fizio kwenye simu, majirani wakisikia kupitia ukuta, kwamba hajui ataendaje choo. Kwa hivyo akapunguza kunywa maji. Akapunguza kula. Alikuwa anajikausha makusudi ili asiende.

Aliyesema ni binti yake wa kidato cha nne, ndiye alikuwa anashika simu. Siku moja, mama akiwa amemaliza kusema hakuna shida, binti akageuza kamera ikamtazama yeye, akasema, "Daktari, choo chetu ni cha kuchuchumaa na mama hanywi maji." Hiyo sentensi moja ilibadilisha matibabu. Kesho yake wakapatiwa wazo la kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, kinawekwa juu ya shimo la choo, na mtu wa kumsindikiza. Wiki hiyo mama akaanza kunywa maji kama kawaida.

Hapo ndipo nasema mshika simu ni sehemu ya tiba. Huyo binti hakuwa stendi ya simu. Alijua kile mgonjwa anaficha. Mtaalamu anajua mifupa na misuli, mgonjwa anajua maumivu, lakini mtu wa nyumbani anajua kama dawa za maumivu zimeruka, kama mazoezi ya jioni yalifanywa ama yalisemwa tu, kama mgonjwa alilia usiku. Ukimwacha huyo mtu nje ya mazungumzo, umefunga jicho moja la daktari.

Angalia sasa mtu asiye na mshika simu. Rafiki yangu aliyetengenezwa kano ya goti anaishi keja peke yake huko Rongai. Simu aliegemeza kwenye sufuria, ikawa inateleza. Akawa anafanya mazoezi nusu, kamera ikimwona mabega tu. Aliniambia wazi, "Kwa video unaweza kudanganya, na siku ukiwa umechoka utadanganya." Lakini akaniambia pia kwamba hizo simu mbili za wiki ndizo zilimshikilia. Wengine walikuwa wanauliza atarudi uwanjani lini. Mtaalamu alikuwa anauliza amelala aje. Maisha ya kupona ndani ya keja, peke yako, ni ya upweke mwingi, na mtu wa kwenye skrini ni bora kuliko kutokuwa na mtu. Bora zaidi ingekuwa awe na mtu wa skrini na mtu wa kushika simu, hata jirani.

Video haina mikono

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kila kitu kinawezekana kwa simu. Wazee wana hoja wanapouliza, "Nilipe ya nini na hajanigusa?" Sehemu kubwa ya fizio ni jasho la mgonjwa mwenyewe, na hiyo inaweza kuelekezwa kwa video. Lakini kuna vitu vinataka mikono. Kushika kovu na kuhisi kama limeshikana na nyama ya chini. Kupima pembe ya goti vizuri. Kumshikilia mtu anayejifunza kusimama mara ya kwanza. Ndiyo maana naunga mkono mchanganyiko: mikono mwanzoni, video katikati, na mikono tena goti linapokataa kusonga.

Halafu kuna siku ambazo simu inafaa kutumika kwa jambo moja tu, kuita usafiri. Baada ya operesheni ya goti au nyonga, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu. Shavu la mguu likivimba, likiuma na kuwa moto, hiyo si ya kungoja kipindi cha Alhamisi. Mgonjwa akikosa pumzi ghafla au akiumwa kifua, ni dharura ya dakika hiyo, kwa sababu damu iliyoganda inaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu. Homa, kidonda kinachotoa maji au usaha, wekundu unaozidi kusambaa, hayo pia ni ya hospitali.

Shosho alivimba shavu la mguu wiki ya tatu. Madam alimwangalia kwa video kama nusu dakika, akasema, "Leo hakuna mazoezi. Mpelekeni sasa hivi." Walimpima, damu haikuwa imeganda, tukarudi nyumbani usiku tumechoka. Anti alilalamika kuhusu pesa ya teksi, lakini mimi naona hiyo ilikuwa fizio bora kuliko zote alizopata. Mtaalamu anayejua mwisho wa simu yake ndiye wa kuaminiwa.

Ujuzi wako wa klipu, utumie hapa

Sasa wewe mshika simu. Kama umewahi kupiga klipu ya densi, tayari unajua nusu ya kazi. Usikae na dirisha nyuma ya mgonjwa, atakuwa kivuli. Shusha simu iwe sawa na goti, isiangalie kutoka juu. Kwa zoezi la kukunja goti, kaa upande, ionekane kuanzia nyonga mpaka kwenye vidole, ndio pembe isomeke. Akiwa anatembea, rudi nyuma mpaka mwili wote uingie. Chaji mapema, na weka simu ya pili karibu, maana stima ikipotea intaneti ya nyumba inaenda nayo.

Lakini kitu kikubwa kuliko picha ni hiki: mgonjwa akisimama kufanya zoezi, lazima kuwe na mtu mwenye mikono mitupu karibu naye. Aliyeshika simu hawezi kumshika anayeanguka. Kama mko wawili tu, egemeza simu mahali, wewe shika mtu. Picha mbaya itarekebishwa.

Andika vitu vitatu kwa daftari kabla ya kila kipindi: mazoezi yaliyofanywa, dawa zilizomezwa, na kile mgonjwa amekataa kusema. Hicho cha tatu, mwombe ruhusa kwanza. Mwambie, "Shosho, naweza kumwambia daktari hii ama utamwambia wewe?" Mara nyingi atasema "mwambie wewe", na atashukuru.

Na tafadhali, tuongee kama watu wa kamera. Goti la shosho si kontenti. Najua ile klipu ya shosho akihesabu kwa Kikuyu akifanya mazoezi ingepata watu wengi, na najua ungeandika maneno matamu juu yake. Habari za afya ya mtu ni zake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Lakini hata bila sheria, mtu aliyekuachia uone kovu lake na machozi yake alikuachia wewe, hakuachia mtaa. Ukitaka kurekodi ili akumbuke zoezi, muulize, rekodi, mwonyeshe, kisha ibaki kwa simu yake.

Jambo lingine: usimpeleke mgonjwa kwa kila mtu anayejiita fizio mtandaoni. Kuna Sheria ya Wataalamu wa Fizio ya 2014, na kuna Physiotherapy Council of Kenya inayosajili hawa watu. Kuuliza mtu kama amesajiliwa si kumkosea heshima. Anayekasirika umepata jibu lako.

Kwa hospitali, naomba machache

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inatambua huduma za afya za mbali. Kwa hivyo hospitali isitupatie fizio ya video kama mtu anayekugawia bakshishi. Ni huduma, na huduma ina viwango.

Kabla mgonjwa hajatolewa, mfanyieni kipindi kimoja cha majaribio akiwa bado kwa wodi, na yule atakayeshika simu awepo. Dakika kumi. Aonyeshwe mahali pa kusimama, aonyeshwe dalili za hatari, aambiwe nambari ya kupiga usiku. Muulizeni mgonjwa kuhusu choo, ngazi na kitanda, tena muulizeni faraghani, na kama ni mama anataka kuongea na mwanamke, apatiwe mwanamke. Semeni bei ya kila kipindi mapema, na mkumbuke kwamba bando ni sehemu ya bili hata kama haiko kwa risiti yenu. Hospitali inayookoa pesa kwa kutoona mgonjwa ana kwa ana inaweza kumtumia bando la kipindi cha nusu saa. Na kwa mgonjwa asiye na mtu nyumbani, kama yule rafiki yangu wa Rongai, msimhesabu sawa na mwenye watu. Huyo aongezewe siku za kuja kliniki.

Wewe nawe, usingoje waanze. Siku ya kumtoa mgonjwa wako, simama pale kando ya kitanda na uulize maswali manne. Mimi ndiye nitashika simu, nifanye nini? Ni dalili gani zitanifanya nisimamishe zoezi? Atakuja kuonwa ana kwa ana tarehe ngapi? Nikikwama usiku nampigia nani?

Muuguzi anaweza kukuangalia kama mtoto anayejifanya mkubwa. Uliza tu. Wakishafunga hilo faili, anayebaki na mgonjwa usiku ni wewe.